Kompyuta Niliyomuundia Baba

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na naijua tabia yako ya kusoma barua umesimama mlangoni huku umeshika funguo. Natumaini afya yako ni njema, kwamba mgongo umeacha kukusumbua, na kwamba wifi yangu na watoto hawajambo. Sisi huku tu wazima. Baba anakula vizuri, anakohoa kidogo asubuhi, na bado anabishana na redio kana kwamba mtangazaji anamsikia. Mimi mwili hauna neno. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Simu katika nyumba hii haina siri. Nikiongea chumbani, Baba ananijibu kutoka sebuleni. Na hata nikienda kuongelea nje, najua nikitaja tu neno kompyuta utaanza kucheka kabla sijafika katikati, nami nitakasirika nikate. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Najua umenikasirikia, na una haki. Wewe ndiye uliyenisemea kwa mkuu wa chuo cha ufundi, ukamwambia mdogo wako wa kike anaweza kufundisha karakana ya kompyuta kuliko wengi. Mimi nikakuaibisha kwa kuahirisha safari, nikaahirisha tena, na kila mara sababu ikawa ile ile, kwamba kompyuta ya Baba imeharibika na siwezi kumwacha. Sasa mkuu amesema muhula ukifunguliwa bila mimi nafasi anampa mwingine. Simlaumu. Ila kabla hujanitoa maanani, nataka ujue kilichokuwa kinaiharibu hiyo kompyuta, maana mimi mwenyewe nimekijua juzi juzi tu, na kingine nimekijua leo.

Unakumbuka ilivyoanza. Mkono wa Baba ulipoanza kutetemeka, mistari ya ramani zake ikawa inatoka kama imechorwa na mtu aliyepanda baiskeli kwenye mawe. Mtu aliyechora nyumba za watu maisha yake yote, kwanza ofisini na baada ya kustaafu pale chumba cha mbele, akawa anakaa mbele ya ubao wake mpana bila kugusa penseli. Wewe ukasema achore kwa kompyuta. Ukasema utamnunulia ya mezani kutoka dukani, iliyo tayari, ndani ya boksi lake, ina dhamana, ikileta matata inarudishwa kwa wenyewe. Mimi nikasimama kama wakili. Nikasema za dukani wanazitia pawa saplai dhaifu ya kugawa umeme, wanazitia bodi ya kuchomekea vipande isiyo na nafasi ya kuongeza chochote, wanakuuzia kasha linalong'aa na feni yenye taa. Nikasema nitaiunda mwenyewe, kila kipande nikichague kwa mkono wangu. Ukaniuliza nikiondoka nani ataitunza. Nikakujibu kwa kujidai kwamba mimi nipo, siendi popote. Nililipenda sana jibu lile wakati ule.

Hukuwepo siku tulipoiunda, na ningependa ungeiona. Tulitandika shuka kuukuu juu ya meza ya kulia chakula. Baba akashika tochi, akawa ananiuliza kila kitu kama mtoto wa darasa la kwanza, nami nikamfundisha kila kitu. Nikamwambia anawe mikono aikaushe. Nikamwambia aguse kwanza chuma cha kasha, maana mwili wa mtu una umeme wake mdogo unaoweza kuua vipande bila mtu kuusikia. Nikamwonyesha kijiti cha RAM, ile kumbukumbu ya mashine, kwamba hushikwa kingo zake kama picha, kwamba yale meno ya dhahabu hayaguswi, na kwamba ukikisukuma kwenye nafasi yake vibanio viwili lazima vilie, kimoja huku na kimoja huku, la sivyo hakijakaa. Baba hakuandika. Alirudia kwa sauti, kama anavyorudia vipimo vya vyumba. Ilipowaka alipiga makofi, akamwita jirani yetu mshonaji, akamwambia binti yake amezaa kompyuta. Tangu siku ile jina langu nyumbani likawa Mhandisi.

Na ilikuwa mashine nzuri, Kaka. Najisifu, ndiyo, acha nijisifu kidogo, huko mbele hakuna cha kujisifia. Mistari kwenye kioo haikutetemeka. Wajenzi waliokuwa wameanza kumkwepa Baba wakarudi mmoja mmoja. Akawa anaamka anaimba.

Kisha wewe ukaleta habari ya chuo. Nilifurahi hadi nikakosa usingizi. Nikapanga begi langu la bluu, nikaliweka nyuma ya mlango wa chumba changu, na mlango tangu siku hiyo haufunguki wote, unagonga begi na kurudi. Nimezoea kuingia chumbani kwangu kwa ubavu.

Siku chache kabla ya safari ile ya kwanza, kompyuta ikagoma. Ukibonyeza, feni inazunguka, halafu inalia pii, pii, pii, na kioo kiko cheusi tii. Baba alikuwa na ramani ya mjenzi mmoja ya kumaliza. Nikafungua ubavu wa kasha, nikakuta RAM imelegea. Nikaichomoa, nikasugua meno yake kwa raba, nikairudisha ikalia vizuri, mashine ikawaka. Lakini Baba akaniambia kwa upole kwamba hana raha, itakuwaje ikigoma tena mimi niko mbali? Nikaona anasema kweli. Nikasogeza safari.

Nilipopanga tena ikagoma tena. Mara hiyo ulikuwa waya mnene unaoleta umeme kwenye bodi, umelegea kidogo tu, kiasi cha kukata. Halafu RAM tena. Kaka, nilianza kujishuku. Nilisema labda bodi niliyochagua ni mbovu, labda joto linasukuma vipande, labda vumbi la mtaa huu. Niliifungua yote nikaiunda upya kuanzia mwanzo. Nikakaa mbele yake mchana kutwa nikiisikiliza inavyopumua, kama nesi kwa mgonjwa. Haikugoma. Nikitaja safari, inagoma. Wewe kwenye simu ukawa unasema nitawaletea ya dukani tumalize maneno haya, na mimi na Baba tukawa tunakataa kwa sauti moja kama wanakwaya. Mimi nilisema ya dukani haina ubora. Baba alisema ya dukani haina mwenyewe humu ndani.

Nikuambie jinsi chumba kile kilivyo sasa. Ubao wake wa zamani bado umeegemea ukuta, umefunika nusu ya dirisha. Meza ya kompyuta iko katikati ya ubao na kabati, na kiti changu kiko katikati ya meza na mlango. Baba akitaka kutoka, lazima mimi nisimame. Nikitaka kutoka, naye hugeuka kuuliza naenda wapi. Hewa ni ya plastiki iliyopata moto. Nilikuwa nakaa pale najiona kama mtu aliyejenga chumba akasahau kuweka mlango, na kibaya zaidi ni kwamba nilikijenga mwenyewe, kwa bisibisi yangu, nikijisifu. Kazi mbovu, nilijiambia. Umemharibia Baba kwa kiburi chako, sasa kaa uitunze.

Juzi nikaenda kununua feni mpya, nikidhani joto ndilo mchawi. Duka nikalikuta limefungwa, mwenye duka amefiwa. Nikarudi mapema. Nilikuwa nakaribia mlango wa mbele, upande ule wa dirisha ambao ubao hauufuniki, nikamwona Baba. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza. Alikuwa amekunja mto wa kiti akauweka chini ya magoti, unajua yanavyomuuma. Mikono yake ilikuwa bado na maji, akaifuta kwenye shati. Kisha akagusa chuma cha kasha, ubavu wake ukiwa tayari wazi, akatulia kidogo kabla ya kuendelea. Nilimsikia. Alikuwa anajisemea polepole, kwa maneno yangu mimi, gusa chuma kwanza, shika kingo, dhahabu haiguswi. Ule mkono unaotetemeka akaushika kwa mkono wa pili ili utulie. Akabonyeza kibanio kimoja, RAM ikainuka upande mmoja kama jino linalotaka kung'oka, akaiacha hivyo. Akafunga ubavu wa kasha, akakaza skrubu, akapangusa alama za vidole kwa leso.

Nilitaka kuingia nipige kelele. Nilitaka pia, usinicheke, kumpigia makofi, maana hakuna mwanafunzi yeyote wa chuo chochote angeifanya kazi ile kwa heshima kama ile. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilirudi nyuma hadi langoni, nikalibamiza kwa nguvu, nikaanza kuimba kwa sauti nikija, nimpe muda wa kuinuka.

Nilipoingia aliniambia kwa huzuni kwamba mashine imegoma tena, na mjenzi mmoja mwenye haraka anakuja jioni kuchukua ramani. Nikasema haya, lete tochi. Akaleta. Nikafungua, nikaona RAM imeinuka vile vile alivyoiacha, na nikajifanya hamnazo. Nikagusa huku, nikagusa kule, nikakuna kichwa. Mwisho nikamwambia kwamba mara hii nimeshindwa, sioni tatizo liko wapi. Kaka, ungeona uso wake! Alinishauri niangalie upande ule wa RAM. Nikamwambia nimeshaangalia. Akasema niangalie tena, wakati mwingine macho huchoka. Nikamwambia macho yangu hayana neno, pengine mashine ndiyo imefika mwisho wake, nikaenda zangu jikoni kuchemsha chai.

Sikukaa sana nikasikia vile vibanio, kimoja na kingine. Halafu Baba akapaza sauti kwamba imewaka! Nikatoka na sufuria mkononi nikamuuliza ameifanyaje. Akasema ameipiga kofi. Nikamwambia hongera. Tulikunywa chai tukitazamana juu ya vikombe. Mjenzi alikuja akachukua ramani yake akaenda.

Kesho yake asubuhi, bila mimi kutaja safari, Baba alisema anaona mashine sasa imekomaa. Alisema kama yeye mwenyewe anaweza kuiwasha kwa kofi, basi fundi wa kukaa nayo hahitajiki. Akaniambia niende, wanafunzi wananingoja, na kwamba Mama angekuwepo angenisukuma nje zamani. Hakuomba msamaha na mimi sikumdai. Alipiga pasi sare yangu ya karakana, yeye mwenyewe, ikatoka na mikunjo mitatu, nikaikunja hivyo hivyo nikaitia begini. Nilidhani hapo ndipo barua hii ingeishia, na ingekuwa barua ya furaha, ningekuandikia njoo unipokee stendi.

Sasa naomba usome taratibu.

Leo asubuhi Baba alitoka kwenda kununua mkate na matunda ya njiani kwa ajili yangu. Nyumba ilikuwa kimya. Nilizunguka vyumbani, nikapitisha mkono kwenye ubao wake, nikakaa kwenye kiti changu. Nikafikiria chumba cha ugenini katika mji nisioujua, darasa lililojaa vijana wanaonitazama, mahali ambapo hakuna atakayeniita Mhandisi kabla sijathibitisha. Nikafikiria Baba akikohoa asubuhi na hakuna wa kusikia. Hofu ilinishika, Kaka, hofu ya kweli. Wewe uliondoka ukiwa kijana mdogo na sijui kama unaikumbuka. Mimi mtu mzima sijawahi kulala wiki nzima nje ya nyumba hii.

Nikanyanyuka, nikaenda kunawa mikono.

Nilifanya hivyo, ndiyo. Niligusa chuma, nikafungua ubavu, nikabonyeza kibanio, RAM ikainuka. Nilifunga skrubu na kupangusa alama zangu kwa pindo la kanga yangu. Mwanzo hadi mwisho mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Na nilipokaa kitini nilisikia raha, kama mtu aliyeruhusiwa kurudi kulala.

Baba aliporudi alitaka kunionyesha ramani mpya kabla sijaondoka. Akabonyeza. Feni ikazunguka, halafu pii, pii, pii. Alisimama pale na mfuko wa mkate mkononi. Anajua kwamba yeye hakuigusa. Katika nyumba hii tuko wawili, na kama si yeye, hesabu hiyo hata mtoto anaiweza. Nilitazama chini. Nilingoja anigombeze. Laiti angenigombeza! Alichofanya ni kuweka mkate mezani, akaenda akaleta tochi, akaniambia basi itabidi niahirishe tena, hakuna jinsi. Na sauti yake ilikuwa na furaha. Na mimi nikasema ndiyo, hakuna jinsi, na yangu ilikuwa na furaha vile vile. Tulipiga magoti pamoja chini ya meza ile, yeye ananimulikia, mimi natafuta kitu ambacho wote tunajua kilipo.

Nilipokuwa pale chini ndipo nilipoogopa kuliko asubuhi. Niliona tutaendelea hivi miaka na miaka, tukipokezana, leo yeye kesho mimi, kila mmoja akimsaidia mwenzake kufunga mlango kwa nje na kwa ndani. Na tutapendana sana humo ndani. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba tutapendana, na hakuna atakayejisikia vibaya kiasi cha kutaka kutoka.

Kaka, nilikubishia mbele ya ukoo mzima kwamba kompyuta ya kuunda ni bora kuliko ya kununua, na katika mambo ya pawa saplai na bodi bado nasimama hapo hapo, usije ukanitangazia ushindi. Lakini nakuomba ununue ile ya dukani. Usichague sana, yoyote inayoweza kubeba kazi ya kuchora ramani. Ila kuna jambo moja uliangalie kabla hujalipa. Nyuma ya kasha, juu ya skrubu, lazima iwe na ile karatasi ndogo iliyobandikwa, yenye maandishi kwamba ukiichana tu dhamana imekufa. Ukikuta haina, iache, nenda duka lingine. Nataka kompyuta ambayo mimi na Baba hatuwezi kuifungua.

Wala usiitume kwa mtu. Ilete mwenyewe kabla muhula haujafunguliwa, iunganishe mwenyewe, na ukimaliza chukua begi langu nyuma ya mlango uanze kutembea nalo, nami nitakufuata. Nikiwa peke yangu siwezi, nimeshajaribu. Hii niliyoiunda tutaibeba twende nayo chuoni, wanafunzi waifungue na kuifunga wapendavyo. Baba usimwambie kwamba nimekuandikia. Ukifika atajua, na naamini atakusaidia kubeba.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie asijisumbue kuniandalia chumba kizuri, kona yoyote inatosha. Wabusu watoto. Baba naye anakusalimu, amepita mlangoni sasa hivi akaniuliza namwandikia nani, nikamwambia naandika orodha ya vipuri. Akasema niandike polepole, hakuna haraka.

Fanya haraka, Kaka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba wenu, Mhandisi wa nyumba moja.